Mkoba wa ngozi wa kamera na unyevu wa Tanga

SWALI: Nimerithi kwa marehemu baba kamera aina ya Rolleiflex pamoja na mkoba wake wa ngozi ya kahawia. Tunaishi Raskazone, karibu na bahari. Mkoba umefanya madoa meupe, ribiti zake za shaba zimetoa kitu cha kijani kama nta, na mkanda unaacha unga mwekundu mikononi. Jirani ananishauri niupake mafuta ya nazi kila wiki. Je, nifuate ushauri huo?

JIBU: Ndugu msomaji, Mungu amrehemu mzee. Mafuta ya nazi uyaache jikoni. Mikoba mingi ninayoletewa hapa Tanga haikuharibika kwa ukavu, bali kwa unyevu na kwa mafuta yaliyozidi. Koga huanza kuota hewa inapopita unyevu wa asilimia 65 hadi 70, kiwango ambacho pwani yetu hukipita mara nyingi, na ngozi iliyoshiba mafuta huipa koga hiyo chakula. Hicho cha kijani nacho hutokea pale asidi za mafuta yaliyomo kwenye ngozi zinapokutana na shaba. Kwa hiyo ukiongeza mafuta, unakiongezea malighafi.

Kwanza hakikisha kama weupe huo ni koga kweli. Upulizie hewa ya uvuguvugu kwa mashine ya kukaushia nywele, ukiishika mbali kidogo. Ukiyeyuka na kupotea, ni mafuta yaliyopanda juu, wala hayana madhara makubwa. Ukibaki vilevile na mkoba unanuka uvundo, ni koga: utoe nje kivulini penye upepo, uupanguse kwa brashi laini huku umefunika pua, kisha upitishe kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo tu, baada ya kukijaribu sehemu iliyofichika, kwa kuwa spiriti huweza kung'oa rangi. Usisahau bitana. Mahameli ya ndani hunyonya unyevu na kuuficha, na aghalabu koga hurudi kutokea huko. Mkoba usianikwe juani wala karibu na jiko la mkaa, maana ngozi yenye unyevu ikipata moto husinyaa na kukakamaa, na ikifika hapo hairudi.

Ribiti na bizimu uzichokoe kwa njiti ya mianzi, polepole, huku ukifuta. Najua vyombo vya shaba tumezoea kuving'arisha kwa ukwaju au ndimu, lakini asidi hiyo ikishanyonywa na ngozi iliyo pembeni huendelea kuila. Ukimaliza, paka nta ya nyuki kidogo sana juu ya shaba.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie kulainisha. Tumia dawa maalumu ya ngozi isiyo na rangi, kiasi cha nusu kijiko cha chai kwa mkoba mzima, ukiitia kwenye kitambaa kwanza. Uache siku nzima kabla ya kuamua kama unahitaji zaidi. Kwa hali ya hewa yetu, mara moja kwa mwaka yatosha. Mikoba ya aina hiyo kwa kawaida ilitengenezwa kwa ngozi iliyosindikwa kwa dawa ya magome ya miti, kama yale ya mikoko yaliyokuwa yakisafirishwa kutoka mwambao huu, na ngozi ya namna hiyo hugeuka nyeusi upesi ikizidishiwa mafuta.

Jambo ambalo wenye kamera hawapendi kulisikia ni kwamba kamera isilale ndani ya mkoba. Koga ikihamia kwenye lenzi hula utando wake na hatimaye huchimba kioo chenyewe, na hasara hiyo inazidi thamani ya mkoba. Iweke kamera kwenye chombo cha plastiki kinachofunga sawasawa, pamoja na vifuko vya silika, yaani chembechembe zinazonyonya unyevu, ambavyo huna budi kuvikausha au kuvibadilisha vinaposhiba maji. Mkoba wenyewe ukae kwenye rafu yenye hewa, umefunikwa kitambaa cha marekani, usitiwe katika mfuko wa nailoni.

Ama mkanda, huo umekwisha. Unga mwekundu ni dalili kwamba nyuzi za ngozi zimeoza kwa asidi, na hakuna mafuta yatakayozirudisha. Mpe fundi akushonee mwingine kwa uzi wa kitani, na ule wa zamani uuhifadhi kama kumbukumbu, lakini usiutumie tena kubebea kamera.