Ukurasa wa Kwanza na Mchapishaji Anayedai Pesa: Mhariri Ajibu Barua Zenu

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo lilelile: nifanyeje nifanikiwe kuwa mwandishi? Swali pana namna hiyo nimeliacha. Nimechukua zile zenye tatizo la kushikika, na ya kwanza imekula nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe alithubutu kuambatanisha kazi yake.

Shikamoo Mhariri. Nimeandika riwaya na kuipeleka kwa wachapishaji watatu. Wawili wamenyamaza, wa tatu amenijibu kwa neno moja tu: "haijaiva". Rafiki zangu wote walioisoma wanaisifu. Nakutumia sura ya kwanza. Kasoro iko wapi? — Niliyechoka Kusubiri

Marahaba. Tuanze na rafiki zako: waweke pembeni. Wanakupenda, na wakisoma wanaisikia sauti yako. Mhariri aliyerundikiwa miswada mezani hakujui. Anachokijua ni ukurasa ulio mbele yake. Huu hapa wako:

"Jua lilikuwa likichomoza taratibu upande wa mashariki, na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamu kuikaribisha siku mpya. Rehema aliamka kutoka katika usingizi mzito, akajinyoosha, akapiga miayo. Alikuwa msichana mrembo sana wa miaka ishirini na miwili, mwenye macho ya gololi. Hakujua kwamba siku hiyo ingebadilisha maisha yake."

Sentensi ya kwanza inaweza kung'olewa hapo na kupachikwa katika riwaya yoyote duniani, na hakuna atakayegundua. Kuamka na kupiga miayo tunafanya sote kila siku. Bado hakujatokea kitu. Halafu macho ya gololi: nani anayemtazama? Rehema yuko peke yake chumbani, na sijawahi kumwona mtu anayeamka akiyawaza macho yake mwenyewe. Ya mwisho ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu unanibembeleza nisubiri. Kama kuna jambo kubwa linakuja, lilete.

Na lipo! Nimelikuta ukurasa wa nne, ulikolificha:

"Bahasha ilikuwa imesukumwa chini ya mlango. Ilikuwa na muhuri wa mahakama na jina la baba yake, aliyefariki miaka sita iliyopita. Rehema aliiweka mezani, akaifunika kwa sahani."

Hapo niliacha kusoma kwa kalamu, nikaanza kusoma kama msomaji. Nani anamshtaki marehemu? Na huyu binti anayefunika barua ya mahakama kwa sahani ni mtu wa namna gani? Ile sahani imenieleza tabia yake kuliko kurasa tatu za kwanza zote. Hiyo ndiyo aya yako ya kwanza. Kurasa zinazotangulia zifute, kisha utafute ndani yake vitu viwili vitatu ambavyo msomaji hawezi kuelewa hadithi bila kuvijua (kwamba anaishi na kaka yake, kwa mfano), uvidondoshe baadaye mahali vinapohitajika.

Kingine ni mazungumzo. Watu wako "wanasema kwa hasira", "wanajibu kwa huzuni", "wanauliza kwa mshangao". Kaka yake anaposema, "Hiyo barua ichome," hasira imo tayari, ukiitaja unaipunguza. Pitia mswada mzima ukiwinda hilo neno "kwa" baada ya "alisema". Utafuta mengi, na hutayakumbuka.

Sasa utaratibu. Mswada ufungie kabatini mpaka uanze kuusahau, kisha usome wote kwa sauti. Ulimi ukikwama, weka alama, endelea. Baadaye mpe mtu asiyekuwa na sababu ya kukufurahisha, na usimuulize kama ameupenda. Muulize aliuweka chini ukurasa wa ngapi, akaenda kufanya kitu kingine. Jibu hilo lina faida kuliko sifa zote.

Ukiwa tayari kutuma tena, soma kwanza kila mchapishaji anataka nini. Wengi huomba muhtasari na sura chache za mwanzo, na hapo kwenye muhtasari ndipo wapya wengi wanapojiponza: wanaficha mwisho wa hadithi, eti wamtie mhariri hamu. Mhariri anataka kujua kama umeweza kuimaliza. Mwambie barua ilitoka kwa nani na kesi iliishaje. Na yule aliyekujibu "haijaiva" usimchukie. Kati ya watatu, ndiye pekee unayejua kwa hakika kwamba alisoma.

Mhariri, kampuni moja imeukubali mswada wangu wa hadithi fupi ndani ya siku mbili, lakini inataka nichangie gharama za uchapishaji. Ndivyo inavyokuwa? — Mwenye Furaha na Wasiwasi

Wasiwasi wako una akili kuliko furaha yako, ndugu yangu. Mchapishaji wa kawaida anaweka pesa zake kwenye kitabu chako, anabeba hasara kisipouzika, na kikiuzika anakulipa mrabaha, yaani fungu lako katika mauzo. Anayekutoza wewe amekwisha kupata faida kabla hata nakala moja haijanunuliwa, kwa hiyo hana haraka ya kuuza.

Kujichapishia si dhambi. Wapo wanaofanya hivyo wakafanikiwa. Ila wanajua kwamba wananunua huduma: wanamlipa mhariri, msanifu wa jalada na kiwanda cha uchapaji, kila mmoja kwa bei yake, na vitabu vyote ni vyao. Ukilipa gharama halafu kampuni ibaki na haki za kitabu, umeliwa mara mbili.

Siku ukipata mkataba wa kweli, itafute asilimia ya mrabaha na usome maneno yanayoifuata. Kwa kitabu cha karatasi, asilimia 10 ni ya kawaida, lakini ni asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa 100, na wauzaji wanapunguziwa 40. Ukilipwa kwa bei ya jalada unapata 10. Ukilipwa kwa mapato halisi ya mchapishaji, unapata asilimia 10 ya 60, yaani 6. Mikataba yote miwili itakuwa imeandikwa "asilimia 10". Angalia pia haki za tafsiri, filamu na kitabu cha sauti zinakwenda kwa nani, na kama haki zinakurudia kitabu kikiisha madukani bila kuchapishwa tena. Kipengele hicho cha mwisho kikikosekana, kitabu chako kinaweza kufungiwa ghalani maisha yako yote.

Naogopa kutuma hadithi yangu, watu wasije wakaniibia wazo. Nichukue kwanza ISBN? — Mlinzi wa Wazo

ISBN haikulindi na chochote. Ni namba ya kukitambulisha kitabu sokoni, yenye tarakimu 13 tangu 2007. Kinachokulinda ni hakimiliki, na kwa nchi zilizo katika Mkataba wa Berne wa 1886, nazo ni karibu zote, hakimiliki inazaliwa pale unapoandika, bila kusajili. Baadhi ya nchi zina usajili unaorahisisha mambo mahakamani. Ukiwa rahisi kwenu, ufanye. Tunza na rasimu zako zenye tarehe.

Lakini wazo lenyewe halilindwi popote. Kinacholindwa ni maneno uliyoliandikia. Mtu mwingine akiandika kuhusu barua ya mahakama iliyomjia marehemu, Rehema hana kesi. Tuma tu.

Nafanya kazi kutwa, nina watoto wadogo. Nitaandika saa ngapi? — Mama wa Wawili

Dada yangu, Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa posta Uingereza, na aliandika riwaya zaidi ya 40. Katika tawasifu yake iliyotoka 1883, baada ya kufa kwake, anaeleza kwamba aliketi mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Wapo waliomshusha hadhi kwa siri hiyo, kana kwamba hadithi nzuri haitakiwi kujua saa. Anazidi kusomwa.

Mwendo wake usiuige. Wewe una wawili wa kuwaogesha. Chukua maneno 300, siku tano kwa wiki. Kwa mwaka ni maneno 78,000, urefu wa riwaya kamili. Kabla hujanyanyuka, andika mstari mmoja wa kujikumbusha kinachofuata, kesho usipoteze nusu saa ukijiuliza ulifika wapi. Na usirudi kurekebisha sura ya kwanza hadi ufike ya mwisho. Ukianza kurudi, mtoto ataamka.

Nikitumia jina la kubuni kuna shida? — Asiyetaka Kujulikana

Hakuna. Jaladani weka lolote upendalo. Kwenye mkataba na akaunti ya benki weka la kitambulisho, na mwombe mchapishaji aandike humo kwamba hatalitoa bila ruhusa yako.