Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anashiba, Mbona Uzito Hauongezeki?

SWALI: Mwanangu ana miezi minane. Anakunywa uji mwepesi mara tano kwa siku na kila mara hulala akiwa ameshiba kabisa, lakini kliniki nimeonyeshwa kuwa mstari wa uzito kwenye kadi yake umelala kwa miezi miwili mfululizo. Hajapata homa wala kuharisha. Tatizo liko wapi?
– Mama wa mtoto wa kwanza

JIBU: Mama, kwa maelezo yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtoto anashiba maji. Tumbo la mtoto wa umri huo hupokea takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo mmoja, kwa hiyo mtoto wa kilo 7 au 8 hawezi kumaliza zaidi ya kikombe kimoja cha kawaida. Nafasi hiyo ndogo ikijazwa uji ambao sehemu yake kubwa ni maji, tumbo hujaa, usingizi huja, na mwili hubaki na njaa yake. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri huhitaji kama kilokalori 200 (kipimo cha nguvu itokanayo na chakula) kwa siku kutoka kwenye chakula cha nyongeza, huhitaji 300 afikapo miezi 9 hadi 11, na kama 550 katika mwaka wa pili.

Kipimo cha kwanza unacho jikoni. Chota uji kwa kijiko kisha ukiinamishe: uji unaofaa hung'ang'ania kijikoni na kudondoka polepole kwa mabonge, ilhali ule unaokimbia papo hapo ni kinywaji tu, hata ukiwa umepikwa kwa unga bora. Uji wa mtoto wako uwe mzito kiasi cha kulishwa kwa kijiko, si kunyweshwa kwa kikombe, na chupa usiifikirie kabisa. Ukitia kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya kupikia umeongeza kilokalori 40 hivi bila kuongeza ujazo. Unaweza pia kutia karanga zilizosagwa hadi zikalainika kabisa, yai lililoiva vizuri, au maziwa badala ya sehemu ya maji.

Ikiwa mtoto anakataa uji mzito kwa sababu unamkwama kooni, iko njia nyingine ambayo kwa maoni yangu haitumiki inavyostahili, nayo ni unga wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Ukichanganya kijiko kidogo cha unga huo katika uji mzito ulioepuliwa na kupoa kidogo ilhali ungali moto, vimeng'enya vilivyomo huuvunjavunja wanga na uji hulegea baada ya dakika chache bila kuongezwa maji. Kisha uuchemshe tena ili kuua vijidudu. Mtoto atakunywa uji laini wenye unga mwingi.

Hata hivyo, nguvu peke yake haitoshi. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo hupungua sana kuanzia miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana madini hayo kwa kiasi kidogo. Ndiyo maana nyama, maini, samaki na mayai havipaswi kusubiri meno: vipikwe, visagwe au vipondwe, na mtoto apewe kila siku inapowezekana. Anayetegemea mikunde na mboga za majani ampe mtoto katika mlo huohuo tunda lenye vitamini C, maana husaidia mwili kufyonza madini ya chuma, na asimpe chai, kwa kuwa chai huzuia ufyonzaji huo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF hugawa vyakula vya watoto wa umri huu katika makundi manane, la kwanza likiwa maziwa ya mama, na huhesabu kwamba mtoto amekula mchanganyiko wa kutosha akipata angalau makundi matano kwa siku. Uji mtupu ni kundi moja tu, hata ukinywewa mara tano.

Hukueleza kama bado unamnyonyesha. Kama ndiyo, endelea hadi afikishe miaka miwili au zaidi, huku ukimpa milo miwili au mitatu mizito kwa siku, kisha mitatu au minne kuanzia miezi tisa. Rudi kliniki baada ya wiki mbili badala ya kungoja mwezi mzima, na uombe mtoto apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe. Kipimo kilicho chini ya sentimita 12.5 huonyesha utapiamlo, na kikishuka chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali unaohitaji matibabu mara moja.

SWALI: Nina mtoto wa wiki saba. Zamani matiti yangu yalikuwa yakijaa hadi yanauma, sasa ni laini siku nzima, na jioni mtoto anataka kunyonya bila kukoma. Mama mkwe ananihimiza nimwongezee maziwa ya kopo na maji kidogo. Je, maziwa yangu yamekwisha?
– Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Hapana, matiti laini si dalili kwamba maziwa yamekwisha. Katika wiki za mwanzo mwili hutengeneza maziwa kwa kubahatisha, kisha kadiri wiki zinavyosonga hujifunza kiasi ambacho mtoto huyu anakitoa, na ule ujazo wa maumivu hupotea. Kunyonya mfululizo jioni nako ni kawaida kwa watoto wa umri huu, na ndiyo njia yao ya kuagiza maziwa zaidi, kwa sababu titi hutengeneza kulingana na linavyotolewa. Kila chupa ya maziwa ya kopo inayoingia pasipo sababu humfanya mtoto aruke zamu moja ya kunyonya, titi hupokea taarifa kwamba halihitajiki, na baada ya wiki chache upungufu uliohofiwa huwa kweli. Maji nayo hayahitajiki kabla ya miezi sita, hata wakati wa joto.

Usipime maziwa kwa kilio cha mtoto wala kwa ulaini wa titi. Hesabu nepi: sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24, zenye mkojo wa rangi hafifu, pamoja na uzito unaopanda kliniki, ni ushahidi wa kutosha. Vikikosekana, jambo la kwanza la kukagua ni jinsi anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini uwe umebinuka kwa nje, na lile duara linalozunguka chuchu lionekane zaidi juu ya mdomo wa mtoto kuliko chini yake. Anayeshika chuchu pekee humuumiza mama na hapati maziwa ya kutosha, hata akikaa titini saa nzima.

Wewe mwenyewe kula vizuri, kwani kunyonyesha huongeza mahitaji yako kwa takriban kilokalori 500 kwa siku, na kunywa maji kila usikiapo kiu. Kuhusu mama mkwe, ninashauri uende naye kliniki siku ya kupima uzito. Akiona mwenyewe mstari wa kadi ukipanda, hutahitaji kubishana naye.

SWALI: Je, ni salama kumpaka mtoto wa miezi minne asali kidogo ulimini ili kumtuliza kikohozi?
– Msomaji

JIBU: Si salama. Asali isitolewe kabisa kabla ya miezi 12, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo utumbo mchanga hauwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha nyumbani hakuziui. Ikiwa amekwisha kupewa, kisha akafunga choo, akanyonya kwa udhaifu, kilio chake kikafifia au shingo ikalegea, mpelekeni hospitali bila kuchelewa. Kikohozi cha mtoto wa miezi minne kionwe na mhudumu wa afya.

SWALI: Binti yetu ana mwaka mmoja na nusu. Alikuwa mlaji mzuri, sasa tunamfuata na sahani nyumba nzima na kumwashia televisheni ili afungue mdomo. Maziwa ndiyo hakatai. Humaliza chupa nne au tano kubwa kwa siku. Tumlazimishe kula?
– Baba wa watoto wawili

JIBU: Ndugu, msimlazimishe, na jibu la swali lako umeliandika mwenyewe katika sentensi ya tatu. Mtoto wa umri huo akinywa zaidi ya nusu lita ya maziwa kwa siku hukosa nafasi ya chakula, na kwa kuwa maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma machache sana, watoto wa namna hii hunenepa huku wakipungukiwa damu. Ombeni apimwe damu. Nyumbani, maziwa yahamishiwe kwenye kikombe, yatolewe baada ya mlo badala ya kabla yake, na chupa ya usiku iondoke.

Jambo la pili ni matarajio yenu. Katika mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito wa kuzaliwa hadi mara tatu, lakini mwaka wa pili huongeza kilo mbili hadi mbili na nusu tu, na hamu ya kula hupungua kwa kadiri hiyo. Mnachokiona kama ugonjwa huenda ni hesabu ya mwili wake. Ninyi amueni chakula gani kitaliwa, saa ngapi na wapi. Kiasi mwachieni yeye. Akae pamoja nanyi, televisheni ikiwa imezimwa, na baada ya dakika 20 au 30 sahani iondolewe bila ugomvi wala vitafunwa vya kumbembeleza. Chakula kipya akikikataa leo, kirudisheni siku nyingine kwa kiasi cha kijiko kimoja, maana watoto wengi hukubali baada ya kukionja mara nane, kumi au zaidi, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu.

SWALI: Mimi ni bibi ninayelea wajukuu. Tulizoea mtoto akiharisha tunampumzisha chakula hadi tumbo litulie. Vijana wa siku hizi wananiambia nimpe ale. Nani yuko sahihi?
– Bibi wa wajukuu watatu

JIBU: Shikamoo, bibi. Katika hili vijana wako sahihi. Utumbo unaoharisha bado hufyonza sehemu kubwa ya chakula, na mtoto anayefungishwa hutoka kwenye ugonjwa akiwa dhaifu, tayari kwa ugonjwa unaofuata. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, apewe chakula laini kidogo kidogo, na baada ya kupona aongezewe mlo mmoja kwa siku kwa muda wa wiki mbili ili arudishe alichopoteza.

Kila baada ya choo chepesi mpe maji ya ORS, yaani maji yaliyochanganywa na unga maalumu wa chumvi na sukari ili kurudisha maji mwilini, mililita 50 hadi 100 kwa aliye chini ya miaka miwili na mililita 100 hadi 200 kwa mkubwa zaidi, kwa kikombe au kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi kisha uendelee polepole zaidi. Yaliyochanganywa yakibaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kliniki watampa pia vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Avimalize hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi inayofuata. Ukiona damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, ngozi ya tumbo inayochelewa kurudi ukiifinya, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo, ukiendelea kumpa ORS njiani ikiwa anaweza kumeza.