Sheria ya zamani haijifii

Ndugu, umeuliza kama sheria iliyopitwa na wakati hapo Minnesota, jimbo la Marekani, hujifia yenyewe. Wapi! Hata isipoguswa miaka 50, inakaa kitabuni mpaka mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo yapitishe muswada wa kuifuta. Mwaka 2014 zilifutwa 1,175 kwa mkupuo, ikiwemo iliyofanya kubeba matunda kwenye chombo cha kipimo kisichoruhusiwa kuwa kosa. Matunda, jamani!

Mwandikie mbunge wako wa jimbo, si yule wa bunge la taifa kule Washington. Mtajie namba ya kifungu na maneno yenyewe yanayokukera. Lalamiko la jumla huishia kapuni. Akikubali, bunge lina ofisi yake ya kuandika miswada. Fanya hivyo mapema, vikao havijaanza.