Kabla mvua haijafika: maswali yenu ya kuku na bustani

Mijakaranda imechanua, joto la Oktoba limeingia hadi ndani ya nyumba, na vumbi la lupango (kiwanja cha nyumba) linatufuata mpaka kitandani. Mvua ya kweli hapa Lubumbashi tunaitegemea Novemba. Kwa mtu mwenye kuku wachache na bustani nyuma ya nyumba, wiki hizi ndizo zenye kazi nyingi kuliko zote za mwaka, na maswali mliyonitumia yanaonyesha hivyo. Nimechukua sita.

Mama wa Kampemba anauliza: Kuku wangu kumi na wawili walikuwa wananipa mayai manane kwa siku. Sasa naokota mawili. Dada yangu anayeishi Ubelgiji anasema hata wake wameacha kutaga, ni majira ya majani kupukutika, niwaache wapumzike. Ni kweli?

Ni kweli kwa kuku wake, Mama. Kule Ubelgiji mchana wa Juni unapita saa kumi na sita, na ule wa Desemba unabaki kama saa nane tu. Kuku hutaga kwa kufuata mwanga. Mchana ukifupika, anapukutisha manyoya ya zamani, anaotesha mapya, na mayai yanangoja. Kwetu tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja na nusu, tena mwezi huu mchana unarefuka. Kwa hiyo sababu iko ndani ya lupango lako, na inaweza kutafutwa.

Anza na maji. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, na joto likipita nyuzi 30 anaweza kunywa mara mbili ya hapo. Ile bidoni iliyokatwa, ukiiacha juani, saa sita mchana maji yake yanakuwa ya moto na kuku hawayagusi. Yai lenyewe karibu robo tatu ni maji. Weka chombo kwenye kivuli, badilisha maji asubuhi na tena mchana.

Kisha chakula. Kuku wa mayai anataka gramu 110 hadi 120 kwa siku, na mabaki ya bukari (ugali) pamoja na pumba hayamtoshi. Ongeza soya iliyokaangwa (mbichi inazuia tumbo kusaga chakula), vichwa vya kapenta (dagaa) vilivyotwangwa, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa vizuri.

Usiku, wakiwa wametulia, mshike mmoja mmoja. Chini ya tundu la kutagia kuna mifupa miwili myembamba, iguse kwa vidole. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati, na tundu ni pana lenye unyevu, huyo anataga. Mayai yake yatafute kwenye majani, nyuma ya magunia, au kwa jirani. Kikipita kidole kimoja kwa shida, na tundu ni dogo na kavu, huyo amefunga. Hapo hapo funua manyoya utazame ngozi. Ukiona vijidudu vya rangi ya majani makavu vinakimbia mwanga, hao ni chawa, na kuku mwenye chawa hana nguvu ya kutengeneza yai. Mwekee karai la majivu na mchanga mkavu ajigaragaze humo, na uulize veterinere dawa ya unga.

Kijana wa Katuba: Nimetoa mbolea ya kuku mifuko mitatu. Nataka kuitia leo kwenye lengalenga (mchicha) iliyokwisha kuota. Baba anakataa.

Msikilize baba yako. Mbolea mbichi ya kuku ni kali; utaona majani yamekauka pembeni kama yaliyopitiwa na moto. Tena ina vijidudu vya kuhara, na lengalenga inakua karibu kabisa na udongo.

Irundike. Tandaza majani makavu, juu yake mbolea, tena majani, na majani yawe mengi kuliko mbolea. Rundo lifike kiunoni, lisipofika hapo halitapata moto. Nyunyiza maji unapopanga. Chukua konzi moja ukaze: matone mawili matatu yakitoka kati ya vidole, inatosha, yakitiririka, umezidisha. Siku ya nne chomeka chuma katikati, ukiache kidogo, kisha ukichomoe. Kama huwezi kukishika, kazi inaendelea. Ligeuze kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi miwili au mitatu litanuka kama udongo wa msituni, na hapo ndipo unaipa lengalenga.

Kama huna subira na mfuko mmoja, uchimbie sasa kwenye sehemu utakayopanda mahindi. Itakaa ardhini wiki tatu au nne kabla ya mbegu, na mahindi utavuna miezi mingi baadaye. Baba hatakataa hilo.

Yaya mmoja wa Kamalondo: Naweza kuchoma majani ya mwembe yaliyojaa uani?

Usiyachome, yaya. Ndiyo yale majani makavu kijana wa Katuba anayoyatafuta. Yanayobaki tandaza juu ya matuta, yatakinga udongo na jua la sasa na matone makubwa ya Novemba.

Papa wa Ruashi: Kila mwaka mvua ikianza, vifaranga wanakufa. Wanajikunyata, mabawa yanashuka, na mavi yana damu. Jirani anasema ni baridi.

Papa, pole sana. Novemba moja nilipoteza vifaranga kumi na mmoja kwa wiki moja, wote hivyo hivyo, na mimi pia niliambiwa ni baridi. Niliwawekea jiko la makaa wakaendelea kufa. Ulikuwa ugonjwa wa koksidia. Kijidudu chake kinatoka na mavi, na kikipata joto na unyevu, kwa siku moja au mbili kinakuwa tayari kumshika kifaranga mwingine anayedonoa pale. Wanaoumia zaidi ni wa wiki tatu hadi sita. Kiangazi kinatulinda kwa sababu sakafu ni kavu. Mvua ya kwanza ikipita chini ya ukuta, ulinzi umekwisha.

Kwa hiyo kazi yako ni ya mwezi huu. Ondoa matandiko yote ya zamani, fagia, acha jua liingie siku nzima. Inua sakafu kwa udongo wa kichuguu ulioshindiliwa, ipite ardhi ya nje kwa kimo cha tofali mbili. Chimba mfereji kuzunguka nyumba ya kuku, na mabati yatokeze mbele ya ukuta ili matone yasirudi ndani. Halafu tandika maranda makavu ya mbao, unene wa vidole vinne. Chombo cha maji kiweke juu ya tofali. Mahali kinapomwagika ndipo ugonjwa unapoanzia. Ukipita jioni, piga goti ushike maranda pale kwenye maji. Yakishikana kuwa donge, yatoe yote, weka mengine usiku huo huo.

Damu ikionekana, dawa ipo: amprolium, unatia kwenye maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, unawapa kundi zima. Usingoje siku ya pili.

Mama anayeishi karibu na bomba kubwa la moshi: Watu wanasema udongo wetu una sumu. Je, mayai ya kuku wangu ni salama kwa watoto?

Swali lako ndilo lililonikalisha zaidi. Shaba ilianza kuyeyushwa mjini hapa 1911, na upepo wetu, ambao mara nyingi unatoka kusini-mashariki, umebeba vumbi lile miaka mingi kuelekea upande wa pili. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamechunguza udongo wa mitaa hiyo. Wamekuta shaba, kobalti, risasi na kadimi. Risasi ndiyo ninayoiogopea kwa watoto, maana inadhuru ubongo unaokua.

Kuku anameza udongo kila anapochakura, na risasi aliyoimeza inaweza kuingia kwenye yai. Kwa hiyo usiwaache kuku wazurure. Wajengee uwanja wenye sakafu ya saruji na maranda, chakula kiwe ndani ya chombo, usikimwage chini. Kwa mboga, jenga matuta ya juu kwa tofali, jaza udongo ulioletwa kutoka mbali na moshi, uchanganye na mboji nyingi na chokaa kidogo. Vyote viwili vinaipunguzia mimea nafasi ya kunyonya metali. Mboga za majani kama lengalenga na kalembula (majani ya viazi vitamu) zinabeba zaidi kuliko punje za mahindi, basi matuta hayo mapya yape mboga za majani kwanza. Zioshe mara tatu, kwa sababu sehemu kubwa ya hatari ni vumbi lililokaa juu ya jani. Na watoto wanawe mikono kabla ya kula, kila mara.

Kijana wa Kenya, komini ya hapa Lubumbashi: Mwaka jana nilichanja dhidi ya ugonjwa wa Newcastle kwa maji ya kunywa, na kuku wakafa vilevile. Chanjo ilikuwa mbaya?

Labda maji ndiyo yaliyoiharibu, mdogo wangu. Chanjo hiyo mara nyingi ni ya kijidudu hai, na dawa iliyo kwenye maji ya bomba inakiua kabla hakijafika kwa kuku. Tumia maji safi ya kisima, au acha ya bomba wazi usiku kucha. Afadhali zaidi ni ile ya tone moja kwenye jicho: hapo una hakika kila kuku amepata. Ibebe kwenye barafu kutoka farmasi, ifungue asubuhi mapema au jioni, uimalize saa hiyo hiyo. Chanja kuku wazima tu, kwa kuwa ugonjwa ukishaingia hauna tiba. Na ukinunua kuku sokoni, mtenge wiki mbili kabla ya kumchanganya na wengine.

Fanya hivyo kabla biashara ya kuku wa Noeli haijaanza. Kinga inapungua baada ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo andika tarehe ukutani kwa kipande cha kaa, pale unapopita na chakula kila asubuhi.