Buti Zangu Ziliniaibisha Menengai

Jumamosi iliyopita tulipanda Menengai, mimi na wazee wenzangu wanne tuliostaafu jeshi. Hatujafika hata ukingoni mwa kreta, nikahisi mguu wa kulia umekuwa mwepesi ajabu. Kugeuka, soli yangu imekaa katikati ya njia, peke yake, kama ndala ya mtu aliyekimbia mvua. Ya kushoto ikafuata kabla wenzangu hawajamaliza kucheka.

Mimi! Niliyekuwa nawakagulia makuruti buti alfajiri, nikiwafokea mpaka sauti inakauka. Nilishuka mlima buti zimefungwa kwa kamba, na yale mawe ya volkano hayana huruma na wayo.

Buti zile nilizinunua mwaka 2013 kwa pesa zangu. (Za serikali nilirudisha zote siku ya kuondoka, kila kitu kwa sahihi.) Nilizivaa labda mara kumi. Miaka iliyobaki zilikaa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, zimepakwa kiwi zikang'aa. Nilidhani nazitunza.

Jumatatu nikampelekea fundi wangu wa viatu hapa Nakuru. Akabonyeza ile sehemu laini ya kati kwa kidole gumba, ikamwagika mezani kama makombo ya keki. "Mzee, hizi hazikuchakaa. Zimeoza kwa kukaa."

Buti nyingi za kisasa zina tabaka la sponji ya poliyurethani kati ya ngozi na soli ya chini. Ndilo linalofanya kiatu kiwe chepesi na kisigino kisiumie. Unyevu unalila polepole, uvae usivae, na ukilifungia kwenye plastiki na jasho la jana ndani, unaliharakisha tu. Baada ya miaka 5 hadi 10 hivi linavunjika. Juu ngozi inang'aa nawe unajivuna, chini hakuna kitu. Soli ya mpira mtupu haina ugonjwa huo, ingawa ni nzito.

Sasa wiki hiyohiyo kijana mmoja wa Kakamega akaniandikia: "Afande, nimepita usajili wa jeshi, naripoti mafunzoni Eldoret. Ninunue vifaa gani?" Karibu vyote usinunue, mdogo wangu. Utapewa na utatia sahihi. Na yale mavazi ya madoadoa ya kijani usiyaguse mtumbani, raia haruhusiwi kuyavaa. Nunua soksi nzuri, sindano nene, na uzi wa nailoni.

Uzi nausema kwa uchungu. Mwaka 2012, Somalia, niliona mshono wa mkanda wa begi langu umeanza kuachia. Nikaushona jioni moja kwa uzi wa pamba wa kushonea vifungo, nikajipongeza. Jasho na jua vikaula. Wiki mbili baadaye, doria ya usiku, mkanda ukakatika na begi likapiga mawe kwa kishindo ambacho hakuna aliyekosa kukisikia. Nilibeba mzigo kwa bega moja mpaka kambini. Koplo wangu hakunipiga wala hakuniandika. Aliniita "Cherehani", basi. Jina likanifuata hadi siku ya kustaafu. Hata Jumamosi pale Menengai kuna mtu alilitamka. Watu wanasema maneno hayavunji mfupa. Hawajawahi kuitwa Cherehani miaka minane mbele ya vijana wao.

Kwa hiyo nisikilizeni, nyinyi mlio kazini na nyinyi mnaoota kuingia. Kagua kifaa siku unayorudi, si siku unayoondoka. Buti zilizolowa toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti yakilowa, weka kivulini penye upepo. Ukizianika kando ya jiko, ngozi itakauka ipasuke, na hakuna kiwi itakayoirudisha. Zipu iliyoshikwa na mchanga isugue kwa mswaki kwanza, kisha pitisha kipande cha mshumaa kwenye meno. Tochi usiyoitumia itoe betri. Na kila baada ya miezi kadhaa bonyeza ile sponji ya buti kwa ukucha: ikinata, ikipasuka au ikimeguka, badilisha, hata kama ulizivaa mara kumi tu. Mmesikia? Hata kama zinang'aa. Ninyi vijana mnapenda kung'aa sana.

Fundi alinibandikia soli za mpira na kuzishona kuzunguka kwa uzi mweusi. Nilimuuliza uzi ni wa nini. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa, akasema nailoni. Sasa ziko barazani, nje ya mfuko, nazo zimekuwa nzito kama matofali.

Jumamosi tunapanda tena. Mmoja wao ameshanitumia ujumbe: "Cherehani, njoo na ndala za akiba."