Miguu mizito baada ya kuacha ugali

SWALI: Nina kilo 60, ninajiandaa kwa marathoni itakayofanyika wiki mbili zijazo. Nimeacha ugali na wali mwezi mzima. Ninakula nyama, mayai na parachichi ili misuli izoee kuchoma mafuta. Mbio za taratibu ninaziweza, lakini nikiongeza kasi miguu inakufa. Kwa nini?

JIBU: Misuli yako imezoea kweli, na hapo ndipo tatizo lilipo. Kwa kila lita ya oksijeni, mafuta hutoa nishati pungufu ya wanga kwa takriban asilimia 7. Ukienda polepole huoni tofauti; ukikaza, pumzi haitoshi. Isitoshe, kimeng'enya kinachoingiza wanga kwenye tanuri la seli hupoa usipoula, hivyo kula ugali usiku mmoja kabla ya mbio hakutakuokoa.

Rudisha wanga leo: gramu 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Siku mbili za mwisho panda hadi 10, yaani gramu 600. Gramu 400 za unga wa sembe (upime mkavu) zina kama 300, robo kilo ya mchele 200. Ndizi mbivu na chai ya sukari zitamalizia. Punguza maharage na mboga siku hizo, tumbo lisijae gesi. Uzito ukipanda kilo moja au mbili usishtuke: kila gramu ya glikojeni (wanga uliohifadhiwa mwilini) hukaa na takriban gramu 3 za maji.

Njiani, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Jaribu kwanza mazoezini.