Mfaa umo ghorofani, au ni wa mlango?

SWALI: Ndugu mjibu maswali, salaam. Mimi ni mchoraji wa majengo katika ofisi ndogo hapa Bagamoyo. Tumepewa kazi ya kuandaa modeli ya BIM, yaani modeli ya kompyuta yenye umbo na taarifa za jengo, ya nyumba ya zamani ya mawe, yenye ghorofa moja juu, kabla haijakarabatiwa. Mwenye kazi alitaka masharti ya taarifa za modeli yaandikwe katika faili la IDS, ambalo programu ya ukaguzi hulisoma na kulinganisha na modeli, nasi tukaandika kwamba kila kipengele lazima kiwe ndani ya ghorofa yake. Programu ya ukaguzi iliukubali mlango wa kuchonga wa mbele, lakini ikazikataa mbao zake mbili, mfaa unaoziba mwanya wa katikati, miimo miwili na kizingiti. Tulipoviingiza vipande hivyo kwa mkono katika ghorofa ya chini, programu ilinyamaza, ila sasa orodha ya ghorofa hiyo inaonyesha vitu saba mahali palipo na mlango mmoja. Tumekosea wapi?
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Ndugu msomaji, modeli yenu ya awali haikuwa na kosa. Kosa limo katika neno «ndani», ambalo katika mazungumzo tunalitumia kwa mambo mawili ambayo muundo wa IFC unayatenganisha kabisa. Kiswahili chenyewe kinayatenganisha pia tukikisikiliza vizuri: tunasema mlango umo ghorofani, lakini mfaa tunasema ni wa mlango. La kwanza ni kukaa mahali. La pili ni kuwa kiungo cha kitu kizima.

Katika IFC, yaani muundo wa wazi wa data za majengo unaotambuliwa kimataifa kwa namba ISO 16739, kukaa mahali huandikwa kwa uhusiano uitwao IfcRelContainedInSpatialStructure, na kuwa kiungo huandikwa kwa IfcRelAggregates. Uhusiano wa kwanza una sharti gumu, kwamba kitu kimoja hakiwezi kukaa mahali pawili. Mlango ukishaandikwa kwamba umo ghorofa ya chini, basi mbao zake, mfaa, miimo na kizingiti huufuata huko huko, kama vidole vinavyoufuata mkono. Kwa vitu vilivyojengwa kwa vipande namna hiyo, kitu kizima ndicho kinachoandikiwa mahali, na vipande vyake huachwa bila kuandikiwa. Ninyi mliviandikia mahali vipande sita pamoja na mlango wenyewe, na orodha ikahesabu saba kama ilivyoambiwa. Programu ilinyamaza kwa sababu mliipinda modeli ikafuata sharti baya, na mimi naona huo ndio ukarabati wa hatari kuliko wote, kwa kuwa ripoti inatoka safi na atakayeagiza mbao kesho hana namna ya kujua.

Viondoeni vipande hivyo ghorofani, kisha mrudi kwenye faili la IDS. Kila sharti la IDS lina pande mbili: upande wa kwanza hutaja vitu vinavyohusika, na wa pili hutaja kinachotakiwa kwa vitu hivyo. Upande wenu wa kwanza ulisema «kila kipengele», nao ukakusanya vizima na vipande katika kapu moja. Uvunjeni uwe masharti mawili. La kwanza lihusu vitu vizima, kama vile kuta, milango, madirisha na ngazi, na litake kila kimoja kiwe katika IfcBuildingStorey, yaani ghorofa, kwa uhusiano wa kukaa mahali. La pili lihusu vipande vya mlango, na litake viwe sehemu ya IfcDoor, yaani mlango, kwa IfcRelAggregates. Yote mawili huandikwa kwa kipengele kimoja cha IDS kiitwacho partOf, na tofauti iko katika jina la uhusiano mnalolijaza. Msiliache jina hilo wazi, maana likiachwa wazi uhusiano wowote kati ya inayokubaliwa utatosha, na mtakuwa mmerudi kwenye «ndani» ya mazungumzo. Vipande navyo mvipe alama ya kuvitambulisha, kwa mfano namba ya uainishaji, kwa sababu mkitaja aina peke yake, tuseme kila IfcMember, aina ya vipande virefu vyembamba, sharti litaenda kukamata hata vijiti vya roshani.

Hamkuuliza habari ya dari, lakini itawafikia. Katika nyumba za mawe za pwani, boriti za mikoko hulazwa juu ya kuta, na juu yake hupangwa mawe na kushindiliwa chokaa, hivyo kwamba dari ya aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu. Je, boriti hizo zimo ghorofa ipi? IFC haiamui. Wachoraji wengi huiweka sakafu katika ghorofa inayokanyagwa juu yake, nami nafuata desturi hiyo: ningeziunganisha boriti na tabaka zilizo juu yake kuwa sakafu moja, kisha sakafu hiyo nzima niiandike ghorofa ya juu. Lakini fundi atakayebadilisha boriti iliyoliwa na mchwa atasimama chini akitazama juu, na kwake hiyo ni kazi ya chini. Kwa hiyo mkubaliane na mwenye kazi mapema, na makubaliano yaandikwe kwa maneno ya kawaida katika maelezo ya sharti, mahali ambapo mtu atayasoma.

Nasema kwa maneno kwa sababu IDS ina mipaka, na partOf ina mipaka zaidi. Inaweza kutaka kitu kiwe katika ghorofa, lakini haina nafasi ya kutaja jina la ghorofa yenyewe. Hutaja aina tu. Tena IDS haisomi maumbo. Niliwahi kupokea modeli ambayo madirisha yote ya juu yalikuwa yameandikwa ghorofa ya chini, huku kwenye picha yakiwa yananing'inia mahali pake sahihi kabisa, na ripoti ya ukaguzi haikuwa na alama nyekundu hata moja. Kila dirisha lilikuwa na ghorofa, na sharti halikuuliza zaidi ya hapo. Kosa kama hilo hutafutwa kwa macho, au kwa programu inayolinganisha kimo cha kitu na kimo cha ghorofa yake.

SWALI: Nimeandika sharti kwamba kila chumba kikae katika ghorofa kwa IfcRelContainedInSpatialStructure. Vyumba vyote vimekataliwa, ingawa kwenye mti wa modeli, yaani orodha ya ngazi zake, naviona chini ya ghorofa zake. Vilevile, nguzo za baraza zinazopanda kutoka chini hadi juu bila kukatika niziandike wapi?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Chumba katika IFC hakihesabiwi kuwa kitu kilichowekwa mahali, chenyewe ni mahali. Kiwanja, jengo, ghorofa na chumba hufungamana kwa IfcRelAggregates, kila kimoja kikiwa sehemu ya kilicho juu yake. Mti wa modeli unakuonyesha ngazi hizo bila kukwambia zimefungwa kwa uhusiano gani, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Badilisha jina la uhusiano katika sharti lako, modeli usiiguse.

Nguzo iandike ghorofa ya chini, inakoanzia, kwa kuwa haiwezi kukaa pawili. Ghorofa ya juu irejelee nguzo hiyo kwa IfcRelReferencedInSpatialStructure, ambao ni uhusiano unaoruhusu kitu kimoja kutajwa na ghorofa kadhaa bila kuhamishwa. Ila uhusiano huo haumo katika orodha inayokaguliwa na partOf kwenye IDS toleo la 1.0, lililoidhinishwa mwaka 2024, kwa hiyo usiuandikie sharti ukitarajia programu ikuthibitishie. Nguzo za baraza moja kwa kawaida si nyingi. Zifungue moja moja uangalie.